Kurudi Efteling: Shajara ya Maandalizi ya Safari, Kigoma, Desemba 2024 hadi Juni 2025

Jumapili, 15 Desemba 2024

Leo mimi na baba watoto tumekubaliana kwamba safari ya Uholanzi itafanyika katikati ya Juni mwakani, na nimefungua shajara hii ili kila uamuzi, kila gharama na kila sharti liandikwe mahali pamoja badala ya kubaki katika maongezi ya usiku ambayo kesho yake kila mmoja huyakumbuka kivyake. Lengo ni kuwapeleka watoto wetu wawili katika bustani ya burudani ya Efteling, iliyoko Kaatsheuvel katika mkoa wa Noord-Brabant, ambako nilikwenda mwaka 2011 nilipokuwa mwanafunzi wa masuala ya uvuvi kule Wageningen. Mengine yote, yaani kumtembelea mama aliyenipangisha chumba enzi hizo, kuwaonyesha watoto chuo nilichosoma na kuwafikisha ufukweni mwa Bahari ya Kaskazini, yatapangwa kuizunguka siku hiyo moja ya bustani.

Juni haikuchaguliwa kwa kupenda. Shule zetu hufungwa mwanzoni mwa mwezi huo, ilhali shule za Uholanzi hufungwa Julai, kwa hiyo zipo wiki chache ambazo watoto wetu wako huru na watoto wa kule bado wako darasani, na foleni za bustani yoyote ya aina hiyo hutegemea sana jambo hilo. Sababu ya pili ni ziwa. Tangu mwaka huu wa 2024, nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zimekubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na mume wangu, ambaye ni mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, atakuwa hana mzigo wa kupokea wala wa kusafirisha. Muda atakuwa nao, lakini fedha hazitakuwa zikiingia. Kwa hiyo mradi huu una tarehe ya mwisho isiyosogea: kila shilingi ya safari lazima iwe imepatikana kabla ya Mei 15.

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele huku akitusikiliza, aliuliza kwa utulivu kama ni kweli kwamba tunavuka bahari kwenda kutazama sanamu. Nilimjibu kwamba ndiyo, mama, sanamu zinazosogea. Akasema, “Haya,” na kwa wanaomfahamu, hiyo si ruhusa wala si kukataa.

Jumamosi, 4 Januari 2025

Kazi ya wiki hizi ilikuwa kuorodhesha niliyoyaona mwaka 2011 na kuyalinganisha na bustani ilivyo leo, kwa sababu nilianza kuona kwamba nilikuwa nawasimulia watoto mahali ambapo kwa sehemu hapapo tena.

Kiini cha bustani hakijabadilika. Efteling ilianza na Sprookjesbos, yaani Msitu wa Ngano, uliofunguliwa tarehe 31 Mei 1952 ukiwa na ngano kumi zilizojengwa katikati ya miti, kwa michoro ya msanii Anton Pieck na ufundi wa mitambo wa Peter Reijnders. Msitu huo bado upo na umeongezewa ngano nyingi tangu hapo. Langnek bado yupo, mtumishi ambaye shingo yake hurefuka hadi kuchungulia juu ya vichwa vya watu kisha ikarudi mahali pake. Vipo pia viatu vyekundu vinavyocheza peke yake bila mguu ndani, na yupo Holle Bolle Gijs, yule mlafi mwenye tumbo kubwa ambaye kinywa chake ni pipa la taka: huita “Papier hier!” akiomba karatasi, hufyonza karatasi unayomsogezea, kisha hushukuru. Nimeona watu wazima wakitafuta karatasi za kumlisha, na katika miaka yangu yote ya kazi za umma sijaona kampeni ya usafi iliyofanya kazi kama tumbo la Gijs.

Yaliyoondoka ni mengi. Spookslot, jumba la mizimwi lililofunguliwa mwaka 1978, lilifungwa Septemba 2022 na kubomolewa, na mahali pake tarehe 31 Oktoba 2024 pakafunguliwa Danse Macabre, ambayo nayo inatumia ule muziki wa Camille Saint-Saëns uliokuwa ukipigwa katika jumba la zamani. Bobbaan, njia ya vigari vya kuteleza ambayo wenzangu walinilazimisha kupanda, iliondolewa mwaka 2019, na mwaka uliofuata zikaja treni mbili ndogo za familia zinazoitwa Max & Moritz. Yaliyoongezwa ambayo sijawahi kuyaona ni onyesho la maji la Aquanura la mwaka 2012, treni ya mserereko iitwayo Baron 1898 ya mwaka 2015, na Symbolica ya mwaka 2017, ambayo ni kasri unalozungushwa ndani yake kwa vigari visivyofuata reli. Kwa treni ya mserereko ninamaanisha zile zinazopandishwa taratibu hadi kileleni kisha zikaachwa ziporomoke.

Baba watoto alisoma orodha hiyo akasema kwamba basi safari hii sirudi popote. Nakwenda mahali papya palipopewa jina la zamani. Sikubaliani naye moja kwa moja, ila nimeuchukua msimamo wake kama kanuni ya kupangia: ratiba ya siku itatengenezwa kwa ramani ya mwaka huu, na kumbukumbu zangu zitatumika pale tu zinapothibitishwa na ramani hiyo.

Jumapili, 26 Januari

Kuna jambo moja lililonifanya nisite kabla hata ya kuanza mradi huu, na ni vyema liandikwe.

Mwaka 2011 kulikuwa na mchezo ulioitwa Monsieur Cannibale, uliokuwapo tangu 1988. Abiria walikaa ndani ya vyungu vikubwa vinavyozunguka, na katikati yao alisimama mpishi mweusi mla-watu, aliyechongwa kwa namna ya dhihaka ambayo haihitaji kuelezwa kwa msomaji wa huku. Tulikuwa kundi la wanafunzi kutoka nchi mbalimbali. Mwenzetu mmoja kutoka Ghana alikitazama kile kitu kwa muda, akacheka kicheko kifupi, akaenda kununua viazi vya kukaanga. Mimi nilipanda, kwa sababu tiketi ilikuwa imeshalipiwa na kwa sababu nilikuwa mgeni, na mgeni hujifunza haraka ni mambo gani ya kunyamazia. Wazungu tuliokuwa nao hawakuona chochote cha ajabu. Walikuwa wamekipanda wakiwa wadogo.

Mchezo huo ulifutwa mwaka 2021. Mitambo ya kuzungusha imebaki, lakini vyungu na mpishi vimeondolewa, na sasa unaitwa Sirocco, ukimhusu Sindbad baharia na dhoruba yake. Katika Carnaval Festival, safari ya vigari inayopita katika nchi mbalimbali za dunia na iliyofunguliwa mwaka 1984, mandhari ya Afrika na ya Asia nayo yalirekebishwa katika kipindi hichohicho. Nimetazama picha za sasa kwa makini kuliko nilivyotazama picha za hoteli.

Mume wangu aliuliza kwa nini tuwapelekee fedha zetu watu waliohitaji zaidi ya miaka thelathini kulitambua jambo lililokuwa wazi kwa mtu wa Ghana ndani ya dakika moja. Ni swali halali, na sikutaka kulifunika kwa maneno matamu. Nilichomjibu ni kwamba mwaka 2011 nisingempeleka binti yangu pale, na mwaka 2025 naweza kumpeleka, na tofauti hiyo kwangu inatosha kununua tiketi ingawa haitoshi kuandika barua ya shukrani. Tumekubaliana pia kwamba binti yetu, ambaye ana miaka 11 na anasoma kila kitu kinachopita mbele ya macho yake, ataelezwa historia ya mchezo ule kabla ya kuupanda. Akikataa, hatasukumwa.

Kwa upande wa fedha, giza la mwezi limekuwa zuri. Wavuvi wamepata, na mzigo wa Kibirizi umetoka.

Jumamosi, 22 Februari

Kazi kubwa ya mwezi huu imekuwa karatasi, na hapa nitaandika kwa urefu kwa sababu ndipo miradi ya namna hii hufia.

Pasipoti za watoto zimepatikana. Ada ni shilingi 150,000 kwa kila moja, na fomu inataka cheti cha kuzaliwa cha mwombaji na cha mzazi wake. Kwa mtu wa Kigoma kipengele cha mzazi si cha kupita haraka. Tunapakana na Burundi na, ng’ambo ya ziwa, na Kongo. Majina yetu yanafanana na ya majirani, na wazee wengi walizaliwa nyumbani bila karatasi yoyote. Mume wangu alikuwa na busara ya kufuatilia cheti chake miaka mingi iliyopita, kabla hajakihitaji, na ndiyo maana suala hili limechukua aya moja tu katika shajara hii.

Viza ni ya Schengen, yaani ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, na maombi yanaruhusiwa kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15. Ada ilipandishwa Juni 2024 kuwa yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi kabla hajatimiza 12. Binti yetu anatimiza 12 mwezi Agosti, kwa hiyo bado anahesabiwa mtoto, na jumla kwa watu wanne ni yuro 270. Ada hiyo hairudishwi hata ukinyimwa viza, na ndiyo maana nimeiweka katika makadirio kama fedha iliyokwisha kutumika. Inatakiwa pia bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, ratiba ya ndege, barua ya mwajiri wangu, barua ya shule za watoto na uthibitisho wa mahali pa kulala. Mwenyeji wetu wa Wageningen amekubali kutupokea, na sheria ya kwao inamtaka ajaze fomu maalumu na sahihi yake ithibitishwe katika ofisi ya manispaa yake. Ni mama wa miaka zaidi ya 70. Aliniandikia kwamba alikwenda kwa baiskeli kwenye mvua na kwamba karani alimuuliza Kigoma iko wapi, naye akamchorea ziwa nyuma ya bahasha.

Lililotuumiza kichwa ni taarifa ya benki ya miezi mitatu ya karibuni. Mshahara wangu unapita benki, lakini biashara ya dagaa haiko hivyo. Fedha ya dagaa huja mkononi, hulipa wabebaji, hulipa gari, hununua mzigo mwingine, na inayobaki hukaa ndani ya mkoba wa ngozi ambao hakuna ofisa wa ubalozi atakayeuona. Tangu Desemba, baba watoto amekuwa akipeleka benki fedha ya kila mzigo kabla ya kuigawa. Nilimsindikiza siku moja. Alitoa noti zilizokunjwa mara nne, nyingine zina magamba yaliyokauka pembeni, na yule dada wa dirishani alizikunjua moja baada ya nyingine, akazipitisha kwenye mashine, mashine ikazirudisha, akazipangusa kwa kitambaa na kuzipitisha tena, bila kusema neno na bila kukunja uso. Watu wa benki wa Kigoma wamezoea.

Jumapili, 16 Machi

Tumetoka Dar es Salaam. Tulikwenda wawili tu, kwa basi hadi Dodoma na kwa treni ya SGR kutoka hapo, safari ya muda usiozidi saa nne ambayo miaka michache iliyopita ingekula siku nzima. Watoto walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole, kwa hiyo walibaki na bibi yao. Tulifunga saumu njiani, na futari ya tende na maji tuliinywea ndani ya behewa huku taa za Morogoro zikipita dirishani. Maombi yamepokelewa. Sasa ni kusubiri, na kwa kuwa ni wiki ya mbalamwezi na mitumbwi ya dagaa haitoki, baba watoto anasubiri kwa bidii kuliko mimi.

Wakati huu wa kusubiri nimeupa kazi ambayo naona ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote katika mradi. Msitu wa Ngano hauna faida kwa mtoto asiyezijua ngano zake. Mtoto wa Kiholanzi akimwona Langnek humtambua kama anavyomtambua mjomba. Mtoto wangu angeona mtu mwenye shingo ndefu, basi. Kwa hiyo kila usiku baada ya tarawehe ninawasimulia hadithi moja kati ya zilizomo msituni, na bibi yao hujibu kwa moja ya kwake. Mpangilio huu sikuupanga mimi. Nilianza na ile ya mtoto wa mfalme na watumishi wake sita, ambao kila mmoja ana kipaji cha ajabu, mmoja wao akiwa huyo mwenye shingo. Nilipomaliza, mama mkwe akasafisha koo, akasema “Paukwa!”, watoto wakaitika “Pakawa!”, na sungura akaingia nyumbani kwetu kama mwenye nyumba.

Ngano iliyowashika zaidi ni ya mayungiyungi ya maji, iliyojengwa msituni mwaka 1966 kutokana na hadithi ya Fabiola, aliyekuwa malkia wa Ubelgiji. Nyota hushuka kucheza juu ya ziwa usiku, na mchawi huzigeuza kuwa mayungiyungi. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka saba, aliuliza kama ziwa hilo ni kubwa kuliko letu. Nilimwambia kwamba ni la ndani ya pango na mtu anaweza kulizunguka kwa miguu. Akalidharau papo hapo. Bibi yake akamwambia kwamba ukubwa si hoja, kwa kuwa hata ziwa letu lina mambo yake ambayo watu wa Kibirizi hawayasimulii gizani, na mazungumzo yakahamia huko hadi usiku wa manane, kinyume kabisa na ratiba niliyobandika ukutani.

Matokeo yake ni kwamba ule mpango wangu wa kwanza wa siku, uliokuwa unaanza na mashine kubwa na kuacha msitu kwa ajili ya mchana, nimeugeuza. Milango hufunguliwa saa nne asubuhi, na wengi hukimbilia michezo mipya. Sisi tutaingia msituni moja kwa moja, wakati bado hakuna msongamano, na tutakaa humo kadiri watoto watakavyotaka.

Ijumaa, 11 Aprili

Viza zimetoka, zote nne. Ndege imelipiwa, Dar es Salaam hadi Amsterdam. Sitarefusha, isipokuwa kuandika kwamba shilingi imeshuka dhidi ya yuro tangu Januari na makadirio ya chakula na usafiri wa ndani yamebidi yafanywe upya. Tumeondoa usiku wa hoteli ya bustani, ambao tangu mwanzo ulikuwa ni tamaa yangu zaidi kuliko hitaji la mtu. Tutalala kwa mwenyeji wetu na kwenda asubuhi: basi hadi kituo cha Ede-Wageningen, treni kupitia Utrecht hadi ’s-Hertogenbosch, kisha basi hadi langoni. Ni safari ndefu kwa siku moja, ila watoto wa Kigoma hawaogopi safari ndefu.

Suala la urefu sasa limekuwa mjadala wa nyumba nzima. Kila treni ya mserereko ina kipimo chake. Max & Moritz inamtaka mtoto wa sentimita 100, Joris en de Draak 110, Python na Vogel Rok 120, na Baron 1898 inataka 132. Binti yetu ana 135 na anaruhusiwa kupanda zote. Mdogo wake alikuwa na 116 mwezi Desemba, na tangu alipoisikia namba 120 hajatupa raha.

Kipimo kinafanyika kila Ijumaa kwenye mwimo wa mlango wa jikoni. Dada yake humlazia daftari gumu juu ya kichwa, bibi hukagua kama visigino vimegusa ukuta, nami huweka alama ya kalamu na kupima kwa futi ya kitambaa niliyoazima kwa fundi cherehani. Leo amefika 118 kasoro kidogo. Amegundua pia kwamba asubuhi anakuwa mrefu kuliko jioni, jambo ambalo ni kweli kitaalamu kwa kuwa uti wa mgongo hujibana kadiri mtu anavyosimama mchana kutwa, na sasa anadai vipimo vyote vifanyike alfajiri. Nimekubali, kwa sharti kwamba alama za jioni hazifutwi.

Nimemweleza waziwazi hesabu yake: mtoto wa umri wake huongezeka takriban sentimita 6 kwa mwaka, kwa hiyo katikati ya Juni atakuwa na 119 hivi. Sikutaka afike langoni na matumaini ambayo fimbo ya mtu asiyemjua itayavunja. Alinisikiliza, akatafakari, kisha akaniuliza kama dagaa wanaongeza urefu. Baba yake, ambaye ana maslahi katika jibu la swali hilo, alisema ndiyo.

Alhamisi, 15 Mei

Ziwa limefungwa leo. Mzigo wa mwisho wa dagaa uliondoka Kibirizi wiki hii, na hesabu ya mkoba imefungwa pamoja nao. Fedha inatosha, ikiwa na akiba ndogo ambayo sitaitaja hapa kwa kuwa shajara hii inasomwa na watu wengi wa nyumba hii.

Tiketi za bustani nimenunua kwa Jumanne, tarehe 17 Juni. Tiketi hununuliwa kwa tarehe maalumu na bei hutofautiana kulingana na siku, nayo ni zaidi ya yuro 40 kwa mtu. Watoto wa chini ya miaka minne huingia bure, lakini sisi hatuna wa umri huo. Nimechagua Jumanne kwa sababu mwishoni mwa juma na Jumatano mchana watoto wengi wa shule za msingi za kule huwa huru, na Jumatatu tutakuwa bado tunatoka kuona bahari.

Nimeandika ratiba ya siku na kuigawa kwa wahusika. Asubuhi ni msitu. Baada ya hapo ni Symbolica, kisha Max & Moritz kwa wote wanne. Chakula cha mchana tutabeba wenyewe, kwa kuwa baada ya kupitia orodha za vyakula niliona kwamba kuulizia kila kibanda kuhusu nyama kungetupotezea muda. Chapati na mayai havina maswali. Mchana ni Joris en de Draak, treni ya mbao yenye njia mbili zinazoshindana, moja ya maji na moja ya moto, iliyofunguliwa mwaka 2010 na ambayo niliipanda ikiwa bado na harufu ya mbao mpya. Mwanangu anaruhusiwa pale bila ubishi, nami nimeiweka mbele ya mchezo wowote wa 120 kwa makusudi, ili kitu kikubwa cha siku yake kiwe kile ambacho hakuna atakayemzuia. Mashindano yataamuliwa kwa kugawanyika: yeye na baba yake upande mmoja, mimi na dada yake upande wa pili.

Baron 1898 imeachwa kama hiari. Gari lake husimamishwa ukingoni kwa muda kabla ya kuachiwa kushuka meta 37.5 wima kuingia shimoni, kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa. Binti yetu, mwenye urefu wa kutosha, ametazama picha zake na kusema kwamba urefu si wajibu. Baba yake anataka kupanda. Mimi nitashika mikoba.

Jumapili, 1 Juni

Shule zinafungwa wiki hii na Idi ya kuchinja inaangukia mwisho wake. Tumeamua kusherehekea nyumbani na kuondoka Jumanne ya tarehe 10, kwa sababu mama mkwe alisema wazi kwamba sanamu zinaweza kusubiri lakini Idi haisubiri, na hapo hakukuwa na la kujadili.

Vilivyobaki ni vichache. Masweta mawili yamepatikana sokoni Mwanga, katika mitumba, ya watoto. Koti la mvua la baba watoto bado, na nimemwonya kwamba Juni ya Brabant inaweza kuwa na jua asubuhi na mvua ya baridi mchana. Nimewaeleza watoto pia kwamba kule jua la mwezi huu huzama karibu saa nne usiku, tofauti na hapa ambapo linalalia milima ya Kongo mnamo saa moja jioni. Mdogo amelielewa jambo hilo kwa namna yake: ameuliza kama, kwa vile mchana ni mrefu zaidi, mtu hufupika zaidi.

Kipimo cha alfajiri ya leo ni 119. Bibi yake amependekeza viatu vyenye soli nene, nami nimelikataa pendekezo hilo mbele ya wote, ingawa baadaye niliwakuta wawili hao wakikagua viatu vya shule chini ya kitanda. Langoni atapimwa na wahudumu wa bustani kwa kipimo chao, na neno lao ndilo la mwisho. Nimemwandikia kwenye ratiba yake, kwa herufi kubwa, kwamba Vogel Rok na Python zitaulizwa mara moja tu kila moja, na kwamba jibu likiwa hapana tutakwenda moja kwa moja kumlisha Gijs karatasi. Ameanza kukusanya karatasi.

Kesho nakwenda benki kubadilisha fedha na kuchukua nakala ya pili ya cheti cha bima. Baba watoto ana zamu ya kuulizia uzito wa mizigo wa ndege ya kutoka Kigoma, maana mama mkwe ameshafungasha kilo tatu za dagaa kwa ajili ya mwenyeji wetu, na lazima nimweleze mapema kwamba nakumbuka jinsi harufu inavyosafiri ndani ya nyumba za kule.